Mfuko wa familia unaotoa ruzuku Unguja na Pemba: kuanzia kikao cha nyumbani hadi siku ya kuondoka

Familia nyingi za Visiwani hutoa. Yupo anayepeleka mchele na tende kijijini kila Ramadhani, yupo anayewalipia watoto wa jirani gharama za skuli, yupo anayetuma fedha kutoka Muscat au London kila msikiti wa kwao unapotaka bati. Utoaji huo ni mwema na usiachwe. Lakini siku familia inapopata fedha za kutoa kwa mpango, pengine biashara imekua, nyumba ya Mji Mkongwe imeuzwa au ndugu wa nje wamekubaliana kuchanga pamoja, njia ile ya zamani haitoshi tena. Fedha huishia kwa anayejua kuomba, kwa kijiji cha mama, kwa jengo linalopendeza kupigwa picha. Kikundi kinachofanya kazi kimya kimya kule Micheweni hakipati kitu.

Mwongozo huu ni wa familia inayokusudia kutoa kati ya TSh milioni 20 na milioni 200 kwa mwaka. Msimamo wetu ni kwamba kazi ngumu iwe ya mtoaji. Familia ndiyo isome, isafiri, ichunguze na isubiri. Kikundi kiachwe kifanye ile kazi iliyowafanya mkakipenda. Huko Marekani ipo mifuko iliyotoa kwa mtindo huu kwa miaka mingi, mmojawapo The Whitman Institute ya San Francisco, uliofunga kazi 2022: fedha za miaka kadhaa zisizofungwa kwenye mradi mmoja, makaratasi machache, na mazungumzo ya kweli baina ya pande mbili. Mtindo huo unafaa kabisa kwetu, ila lazima ukatwe kwa kipimo cha hapa.

Hatua ya 1: Tenganisheni fedha kabla ya kuuliza nani apewe

Kikao cha kwanza ni cha familia peke yake, na swali la kwanza ni hili: fedha hizi ni za nani? Kama ni za marehemu na mirathi haijagawiwa, hazitoki. Ndani yake mna fungu la mjane, la mtoto mdogo, la ndugu aliye Mombasa ambaye hata hajui kinachozungumzwa. Marehemu akiwa ameacha wasia wa kheri, wasia huo hauvuki theluthi moja ya kilichobaki baada ya gharama za maziko na madeni. Malizeni kwanza na Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, ambayo ndiyo inayoshughulikia mirathi ya Waislamu Zanzibar. Mfuko ulioanzishwa juu ya mirathi yenye mgogoro hufa siku ndugu mmoja atakapokwenda mahakamani, na vikundi vilivyoahidiwa fedha hubaki na aibu isiyo yao.

Zikishakuwa safi, zigaweni katika mafungu matatu, kila moja na daftari lake, ikiwezekana na akaunti yake.

Zaka ni asilimia 2.5 ya mali iliyofikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, na iliyopitiwa na mwaka wa Kiislamu. Wanaostahiki ni makundi manane yaliyotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60. Msiichukulie kuwa fungu la kulipia kodi ya ofisi ya kikundi au mafuta ya boti. Muulizeni kwanza mwanachuoni mnayemwamini, na jibu lake liandikwe.

Wakf ni jambo jingine. Asili yake haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi; kinachotumika ni pato lake, kama kodi ya nyumba au mauzo ya karafuu. Na hapa pana mtego. Mikarafuu haizai sawasawa: mwaka mmoja hujaa, miaka inayofuata miti hupumzika. Familia yenye wakf ya shamba Pemba ikiahidi kwa hesabu ya mwaka wa neema, itavunja ahadi mwaka wa pili. Chukueni wastani wa pato la miaka mitano, ahidini theluthi mbili tu ya wastani huo, na kinachozidi kiwekwe akiba ya miaka mibaya.

Kinachobaki ni sadaka na michango ya hiari. Fungu hili ndilo huru kuliko yote, na ndilo litakalobeba sehemu kubwa ya ruzuku tunazozieleza hapa.

Mabinti na wajukuu wawemo katika kikao hicho tangu mwanzo, kwa sauti na kwa kura. Familia zinazowaita baadaye "wasaidie kuandika" huona mfuko unalala mzee anapofariki, kwa sababu hakuna mwingine anayejua kwa nini ulianzishwa.

Hatua ya 2: Sura ya kisheria

Kama mnatoa kidogo, msianzishe taasisi. Ingieni makubaliano na jumuiya iliyosajiliwa na yenye hesabu safi, ipokee na kugawa kwa maelekezo yenu, nanyi mkubali kuilipia gharama zake kati ya asilimia 7 na 10. Mkitaka jina lenu wenyewe, usajili hufanywa Zanzibar. Taasisi iliyosajiliwa Bara kwa sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya 2002 haijasajiliwa Visiwani kwa sababu hiyo. Mambo haya si ya Muungano, na Zanzibar ina sheria na Mrajisi wake. Wengi hugundua hilo wakiwa tayari wamefungua ofisi. Wanaotaka wakf waende Kamisheni.

Ndugu walioko nje wana masharti ya huko waliko. Mfuko binafsi wa Marekani ukitoa kwa jumuiya ya Wete ni lazima ama uthibitishe kuwa jumuiya hiyo ni sawa na ya hisani kwa sheria za kule, ama ufuatilie kila dola kwa taarifa maalumu. Uingereza wadhamini hutakiwa waonyeshe kuwa walichukua hatua za kutosha kuhakikisha fedha imefanya kazi ya hisani. Mzigo huo usishushwe kwa mshika fedha wa kikundi cha kijijini. Ajirini mhasibu huko huko aubebe.

Hatua ya 3: Punguzeni eneo

Chagueni mambo mawili ya kusaidia, katika wilaya moja au mbili, kwa miaka mitano. Zanzibar ina wilaya 11, na kwa milioni 60 kwa mwaka, kwa mfano, hamtaonekana popote mkijaribu kuzigusa zote. Tunapendekeza Pemba ipewe uzito: umasikini wa kipato huko ni mkubwa kuliko Unguja, na wafadhili wengi hawavuki bahari kwa kuwa ofisi zao ziko mjini Unguja.

Hatua ya 4: Nendeni mkasikilize, na mjue lini

Hii ndiyo hatua inayoharakishwa kuliko zote. Ipeni miezi mitatu na asilimia 5 ya fedha ya mwaka wa kwanza. Adabu ni kuanza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa pale mtaani au kijijini. Mgeni asiyepita kwake huibua maswali, na sheha ndiye anayejua nani ni nani. Lakini msiishie hapo. Sheha atawakutanisha na kamati anazofanya nazo kazi, na zipo kazi njema ambazo hazipiti kwake. Kaeni diko wakati vyombo vinarudi, zungumzeni na mwalimu wa madrasa, mkunga, mwenye duka la rejareja. Waulizeni ANGOZA, na kwa Pemba PACSO, ambazo ni mwamvuli wa asasi za kiraia: ni vikundi gani vimekuwepo zaidi ya miaka mitano bila ya mfadhili?

Tarehe ni nusu ya kazi. Wanawake wa mwani na wa pweza huwa baharini wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa kuwa ndipo maji yanapokupwa mbali. Mkiitisha mkutano siku hizo mtapata wanaume, mtaandika kwamba "wanawake hawakuhudhuria", na kosa ni lenu. Nendeni wakati wa maji mafu. Pemba msimu wa karafuu ukiiva, watu wako kambini. Ramadhani kutaneni asubuhi, au muache hadi ipite. Masika yakishika, barabara za ndani hazifai kupangia safari ya siku moja.

Mwanamke azungumze na wanawake, bila mume, sheha wala mfadhili karibu. Na msilipe posho ya kuhudhuria. Rudisheni nauli na lisheni watu. Zaidi ya hapo mnanunua maoni.

Hatua ya 5: Amueni namna ya ruzuku

Chukueni mfano wa familia yenye milioni 60 kwa mwaka. Tungeigawa hivi: milioni 36 kwa vikundi vitatu, kila kimoja milioni 12 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, milioni 12 kwa ruzuku ndogo za haraka za milioni 1 hadi 2, milioni 6 za kuviimarisha vikundi vyenyewe, kama mafunzo ya hesabu na kumlipa mhasibu wa muda, na milioni 6 za safari na uendeshaji wa mfuko. Angalieni lakini: kwa vikundi hivyo vitatu peke yake mmekwisha kuahidi milioni 108 za miaka mitatu. Msitie saini hadi fedha ya miaka miwili ya mwanzo iwe imekaa benki.

Zile milioni 12 za kila kikundi ziwe huru. Kikundi chenyewe kiamue kama mwaka huu kinahitaji kamba, mshahara wa katibu au kutengeneza mashua. Familia nyingi hapa hushtuka, zikidhani fedha huru ni fedha iliyopotea. Uzoefu wa kazi hii unaonyesha kinyume chake. Fedha iliyofungwa ndiyo inayozaa uongo: kikundi kinachohitaji kulipa umeme lakini kimeruhusiwa "mafunzo" peke yake kitaitisha semina kisichoihitaji, kikwangue posho humo kulipia umeme. Mmewafundisha kudanganya, na semina pia haikufaa.

Kwa nini miaka mitatu? Tazameni mwani. Mavuno huchukua kama wiki sita, hivyo mwaka mmoja waonekana mrefu. Lakini kottonii, ule mwani wenye bei nzuri, unakufa kwa joto la maji ya kina kifupi, na wakulima wanalazimika kuusogeza kwenye kina. Hapo panahitajika chombo, kujifunza kuogelea kwa wanawake ambao wengi wao hawakuwahi kufundishwa, majaketi ya kuokolea, fundi wa kuziba mashua, na mnunuzi aliyekubali bei kabla. Mwaka wa kwanza utakwisha katika kujifunza na kupoteza kamba kwa mawimbi ya kusi. Mfadhili wa mwaka mmoja huondoka hapo hapo, akiandika kuwa mradi umeshindwa.

Hatua ya 6: Ombi la kurasa mbili

Liwe kwa Kiswahili. Anayependa kusema atume sauti kwa WhatsApp ya dakika kumi, nanyi muandike. Maswali yatosha sita: mnafanya nini na tangu lini, nani anaamua, mwaka jana mliingiza na kutoa kiasi gani, jambo gani liliwashinda, mngefanya nini mkiwa na milioni 12 huru, nani mwingine anawasaidia. Hilo la nne ndilo lenye thamani kubwa. Anayejibu kuwa hakuna kilichomshinda, mtembeleeni tena.

Cheti cha usajili, katiba, kumbukumbu za mkutano mkuu wa mwisho na taarifa ya benki ya miezi sita vipigeni picha nyinyi wenyewe mkiwa pale. Hakikisheni akaunti ina watia saini watatu na haitolewi fedha bila wawili, na kwamba hao wawili si mke na mume. Kikundi kisichosajiliwa kinaweza kupewa ruzuku ndogo kupitia jumuiya jirani iliyosajiliwa huku kikisaidiwa kujiandikisha.

Jibu litoke ndani ya siku 30. Wanaokataliwa wapigiwe simu na kuelezwa sababu. Ukimya wa mfadhili ni dharau, na kijijini hukumbukwa.

Hatua ya 7: Nani akate shauri

Kamati ya watu saba hufaa: watatu wa familia, wanne wa wilaya husika, na angalau wanne kati ya saba wawe wanawake. Wale wanne wa wilaya wawe na kura kamili. Wakiwa washauri tu wataacha kuja baada ya vikao viwili.

Udugu ni suala linalotaka kanuni inayowezekana. Pemba ukisema kila mwenye udugu na mwombaji asikae, kikao kitabaki na viti vitupu. Kanuni inayofanya kazi ni hii: kila mjumbe ataje udugu wake mwanzoni na uandikwe, mzazi, mtoto, ndugu wa kuzaliwa naye, mwenza na mkwe hutoka nje wakati wa kuamua, binamu na wa mbali zaidi husema kisha hukaa. Hakuna anayefichuliwa baadaye, maana kila kitu kimeshasemwa.

Hatua ya 8: Mkataba na malipo

Kurasa mbili tena. Ziseme kiasi, miaka, tarehe za malipo, kwamba fedha ni huru kwa malengo yaliyo katika katiba ya kikundi, na mambo manne tu yanayosimamisha malipo: wizi, kudhuru watoto au wanawake, fedha kutumika kwenye kampeni za siasa, na kikundi kuvunjika. Wajibu wa familia uandikwe pia, kwa mfano kulipa kabla ya tarehe 15 Januari. Fedha ziingie akaunti ya kikundi na kamwe zisipite simu ya mwenyekiti, hata kama benki iko mbali na mwenyekiti ni mtu wa dini.

Hatua ya 9: Kufuatilia bila kuchosha

Ziara mbili kwa mwaka na mazungumzo ya saa mbili yanayoandikwa na nyinyi. Kikundi kikiwa na taarifa kiliyomwandikia mfadhili mwingine, ipokeeni hiyo hiyo.

Risiti huleta ugomvi usio na maana. Fundi wa kijijini hana risiti, na aliyeuza makuti hana. Tumieni hati ya malipo: tarehe, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, kilichonunuliwa, jina na simu ya aliyelipwa, saini yake au dole gumba, na saini ya shahidi. Mkikataa hati hizo mkadai risiti, zitaletwa risiti za duka la mjini kwa vitu ambavyo havikununuliwa.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mkono wenu si mtupu, kwa hiyo mtalambwa: mtaambiwa kila kitu ni kizuri. Dawa yake ni vitendo. Kikundi cha kwanza kitakacholeta habari mbaya mapema, mfano nusu ya kamba zimekwenda na maji, kipewe sehemu ya ruzuku ya haraka ndani ya wiki mbili. Habari hiyo itaenea kuliko barua yoyote.

Panapoharibika

Ardhi inaongoza. Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya Serikali, na watu wana haki ya kuitumia; juu ya haki hizo kuna eka tatu tatu walizogaiwa watu baada ya Mapinduzi, kuna mashamba ya ukoo, kuna miti ya mtu mmoja katika kiwanja cha mwingine. Mzee anasema "chimbeni hapa, nimetoa kwa ajili ya Mungu", kisima kinachimbwa, mzee anafariki, warithi wanafunga geti. Msiweke hata tofali kabla ya kupata maandishi ya aliyetoa, saini za watoto wake wakubwa, sheha kama shahidi, na uthibitisho wa ofisi ya ardhi.

Visima vyenyewe vina hadaa. Kwenye mawe ya matumbawe ya pwani ya mashariki ya Unguja, maji yanayotoka baada ya masika huwa matamu, kisha ukifika Januari na Februari yanageuka chumvi. Pimeni wakati wa ukavu wa kaskazi, na muulizeni Mamlaka ya Maji kabla ya kumlipa mchimbaji. Pampu ikishafungwa, wekeni kila mwaka asilimia 10 ya bei yake kwa matengenezo.

Madarasa ni jaribu la kila mfadhili. Wananchi husimamisha kuta, kisha hutafuta wa kuezeka. Ni msaada mzuri, lakini tumieni bati la geji 28 badala ya 30, kwa sababu hewa ya chumvi hulila lile jembamba upesi, na kabla ya kununua pateni barua ya Wizara ya Elimu kuhusu walimu na vyoo. Darasa zuri bila choo cha wasichana halitawabakisha wasichana skuli.

Kisha kuna kiongozi mmoja hodari. Kikundi kizima ni yeye: simu yake, saini yake, hadithi yake. Msimuache, ila fungu lile la kuimarisha lilipie kumfundisha wa pili na wa tatu wake.

Hatua ya 10: Kuondoka

Familia iamue mapema kama mfuko ni wa kudumu au wa kumalizika. Wakf hukusudiwa udumu. Mifuko binafsi ya Marekani hutakiwa kutoa kila mwaka takriban asilimia 5 ya mali yake ya uwekezaji, na mingi huishi hivyo vizazi na vizazi. Lakini tajiri wa Marekani Chuck Feeney aliamua mfuko wake, The Atlantic Philanthropies, utoe yote akiwa hai, ukamaliza kutoa ruzuku 2016 na kufungwa 2020. Zote ni njia halali. Mbaya ni kutoamua, hadi fedha iishe kimya kimya na vikundi visikie mitaani.

Ruzuku ikikaribia mwisho, kiarifuni kikundi miezi 12 kabla, kwa mdomo na kwa maandishi. Mwaka wa mwisho toeni nusu ya kiasi cha kawaida juu ya ruzuku yenyewe, iwe akiba yao. Andikeni barua ya kuwatambulisha kwa wafadhili wengine na muwapigie simu hao wafadhili nyinyi wenyewe. Mashua, pampu, mashine na hati zake viandikwe kwa jina la kikundi, nakala moja ikae kwa sheha.

Baada ya mwaka rudini kwa nauli yenu, bila ahadi na bila bahasha, mkaulize nini kimesimama na nini kimelala. Siku hiyo mkono wenu utakuwa mtupu. Watakayoyasema ndiyo ya kuandika kwenye daftari la familia kabla ya kuchagua kikundi kinachofuata.